Majuma Kumi na Matatu Ndani ya Saa Moja

Katika miji ya Marekani, tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza hata katikati ya miaka ya hamsini ya karne iliyopita, mtoto aliyekwenda sinema Jumamosi mchana alipata kwa tiketi moja filamu nzima, katuni, na fauka ya hayo kipande cha dakika kama 20 cha kisa kirefu ambacho waliokitengeneza hawakukusudia hata kidogo kimalizike siku ile. Kipande hicho aghalabu kilikoma pale gari la shujaa lilipokwisha kuuacha ukingo wa jabali, au pale maji yalipomfika kooni katika chumba kisicho na dirisha. Taa zikawashwa, na mtoto akarudi kwao na dhana zake, akabishana na wenziwe siku saba, hata Jumamosi ya pili ikamleta tena mlangoni na senti zake mkononi. Hiyo ndiyo filamu ya mfululizo, na biashara yake yote ilisimama juu ya zile siku saba.

Hila yenyewe ni kongwe. Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela aliijua zamani, naye aliitumia kuiokoa shingo yake, ilhali kampuni za Universal, Republic na Columbia ziliitumia kujaza viti. Lakini Shahrazadi hakupata kuamrishwa azimalize hadithi zake zote kwa usiku mmoja, na mabwana wa sinema walijiamrisha wenyewe kwa tamaa ya faida. Maana filamu ya mfululizo yenye sehemu 12 au 15, ikishakwisha mzunguko wake katika majumba ya sinema, ilikuwa mali iliyolala. Wakaona basi kwamba mkasi na gundi, pamoja na jina jipya, vyaweza kuitoa tena sokoni ikiwa filamu ya saa moja na kitu, tayari kuuzwa kwa watu ambao hawangekuja majuma mengi mfululizo kwa ajili ya kisa kimoja.

Mfano mashuhuri ni Flash Gordon, iliyotolewa na Universal mwaka 1936 katika sehemu 13, kutokana na katuni za magazetini za Alex Raymond zilizoanza mwaka 1934. Shujaa wake, au stelingi kama wanavyosema watazamaji wa kwetu, alikuwa Buster Crabbe, mwogeleaji aliyetwaa medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932, na adui yake alikuwa Ming, mfalme dhalimu wa sayari ya Mongo, aliyeigizwa na Charles Middleton kwa kiburi ambacho mimi naona ndicho kitu bora kuliko vyote katika filamu ile. Kazi nzima ilichukua takriban saa nne. Mwaka ule ule ikafupishwa ikawa Rocket Ship, ya saa moja na dakika chache. Ikafuata Flash Gordon's Trip to Mars ya mwaka 1938, sehemu 15, na hapo bahati ikaingia kati: usiku wa tarehe 30 Oktoba mwaka ule Orson Welles alitangaza redioni mchezo wake wa uvamizi kutoka Mirihi, uliowatia hofu baadhi ya wasikilizaji na kujaza magazeti ya asubuhi. Universal hawakulaza damu. Wakautoa upesi mfululizo wao ukiwa umekatwa na kuunganishwa kuwa filamu moja, wakaipa jina Mars Attacks the World, kana kwamba Flash Gordon alikuwa ameujua mchezo wa Welles tangu mwanzo.

Wengine hawakungoja hata mfululizo uchakae. The New Adventures of Tarzan ya mwaka 1935, ambayo Edgar Rice Burroughs, mwandishi wa Tarzan, alikuwa na hisa katika kampuni iliyoitengeneza, ilipigwa picha Guatemala na kutiwa sokoni kwa sura mbili tangu awali, ikiwa mfululizo wa sehemu 12 na ikiwa filamu kamili, mwenye jumba akachagua aitakayo. Tarzan wake alikuwa Herman Brix, mtupa tufe aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928. Mwaka 1938 mabaki ya mfululizo huo yakachekechwa tena, ikatoka Tarzan and the Green Goddess.

Sasa tuutazame mkasi wenyewe, maana ndio uliokuwa mtunzi wa pili. Vilivyotupwa kwanza ni maneno ya mwanzoni yaliyomkumbusha mtazamaji habari za juma lililopita. Kisha ile sehemu ya kubana matumizi, ambayo mifululizo mingi ilikuwa nayo, ambamo wahusika hukaa kitako wakasimuliana mikasa iliyokwisha kuonekana, na picha za zamani zikarudiwa bila gharama. Mwisho zikapunguzwa ngumi, mbio za magari na safari za kwenda na kurudi. Mpaka hapo hakuna wa kulalamika. Walakini kulikuwa na jambo gumu zaidi. Gari lililotumbukia bondeni na kuwaka moto mwisho wa sehemu ya nne, katika sehemu ya tano lilionyeshwa tena, na safari hii shujaa akaonekana akiruka nje kabla ya ukingo, jambo ambalo juma lililopita halikuwapo katika picha. Ghiliba hii ilipita kwa sababu siku saba zilikuwa zimeichosha kumbukumbu ya mtoto. Katika filamu ya saa moja hakuna siku saba, kwa hiyo mkataji alilazimika kumtoa shujaa garini papo hapo, na hatari iliyomnyima mtoto usingizi ikawa ajali ya nukta mbili, moja kati ya kumi na mbili zinazofuatana bila pumzi. Ni kama kanzu ya babu iliyopunguzwa ikavaliwa na mjukuu: kitambaa ni kile kile, lakini mifuko imeangukia magotini.

King of the Rocket Men ya Republic, ya mwaka 1949, ilikuwa na sehemu 12 za jumla ya dakika 167. Mwaka 1951 ikawa Lost Planet Airmen ya dakika 65, ingawa mtazamaji akiitafuta sayari iliyopotea haioni, wala iliyopatikana. Gharika inayoufunika mji wa New York humo nayo si yake, bali ilichukuliwa katika Deluge, filamu ya mwaka 1933.

Na sisi wa bara hili tuna fungu letu katika biashara hii, japo hatukuulizwa. Mfululizo wa kwanza kabisa wa Republic, mwaka 1936, ulikuwa Darkest Africa, wa sehemu 15, na shujaa wake alikuwa Clyde Beatty, mfuga simba wa sarakasi. Giza hilo la Afrika lilipigwa picha chini ya jua la California, na sehemu yake ya pili inataja mungu wa watu wa chui-milia, mnyama ambaye porini kwetu hajapata kukanyaga. Mwaka 1941 Republic wakatoa Jungle Girl. Mwaka 1955, fedha zikiwa zimepungua, wakatoa Panther Girl of the Kongo, ambamo Phyllis Coates alivikwa nguo zinazolingana na za Frances Gifford wa 1941, ili picha za zamani zipachikwe ndani ya mpya bila mtu kushtuka. Mwaka 1966, Kongo yenyewe ikiwa huru tangu miaka sita, mfululizo huo ukakatwa kuwa The Claw Monsters, ukaingia katika fungu la filamu 26 za takriban dakika 100 kila moja, zilizotengenezwa kwa mifululizo ya Republic ili kuilisha televisheni. Darkest Africa nayo ilikuwamo katika fungu hilo, kwa jina la Batmen of Africa. Hivyo yule mwanamke wa Jungle Girl ya mwaka 1941 aliendelea kuruka mitini kwa robo karne nzima, chini ya majina matatu.

Columbia walijaribu kinyume chake. Mwaka 1965 waliichukua Batman yao ya mwaka 1943, yenye sehemu 15, wakaionyesha yote kwa kikao kimoja cha zaidi ya saa nne, kwa jina An Evening with Batman and Robin. Hawakuikata, na watu wazima walikuja kwa wingi, wakacheka palipokusudiwa pawe pa kuogofya. Kwa rai yangu, hapo ndipo panapoonekana kuwa kosa halikuwa la mkasi peke yake: hata pasipokatwa kitu, maadamu juma la kungoja limeondolewa, hofu haikai.

Mwaka 1996 Flash Gordon iliingizwa katika orodha ya filamu za taifa zinazohifadhiwa Marekani, nayo iliyoingia ni ile ya 1936 yenye sehemu 13. Rocket Ship haimo. The Perils of Pauline, ya kampuni ya Pathé na mwigizaji Pearl White, iliingia mwaka 2008, lakini hiyo haikuwa na bahati ya kuchaguliwa sura: kati ya sehemu zake 20 za mwaka 1914, kinachojulikana leo ni toleo la sehemu 9 lililofupishwa kwa ajili ya Ulaya.