Kabla ya Siti Skani Palikuwa na Barafu

Mwanafunzi wa udaktari anayeonyeshwa picha ya siti skani ya tumbo kwa mara ya kwanza hulitafuta ini mahali lisipokuwepo. Amefundishwa kwamba ini liko kulia, na kwenye picha limetanda kushoto. Picha hiyo husomwa kana kwamba mgonjwa amelala chali na msomaji amesimama miguuni pa kitanda, akimtazama kuelekea kichwani. Hilo huzoeleka upesi. Kinachochukua miezi ni kuuelewa mwili uliokatwa kwa kukingama, kama boflo, ilhali kwenye chumba cha maiti mwalimu aliufungua kwa kwenda chini, ngozi kwanza, kisha misuli, kisha matumbo.

Mwili ulikuwa umeshachorwa kwa mkato huo zaidi ya miaka 100 kabla ya mashine ya siti skani kuwepo. Aliyeifanya kazi hiyo kwa ukubwa usio na mfano ni Nikolai Pirogov, mpasuaji wa Urusi aliyezaliwa Moscow mwaka 1810, na ninaamini kila anayejifunza kusoma picha hizi anastahili kulijua jina lake. Tatizo alilopambana nalo lilikuwa la kweli kabisa. Kifua cha maiti kikifunguliwa, hewa huingia na mapafu hunywea. Ukiuinua utumbo ili uone kongosho, umeshauhamisha. Hivyo mpasuaji alijifunza mwili uliovurugwa na kisu kilekile kilichomfunulia, halafu akaenda kumpasua mtu aliye hai ambaye kila kitu ndani yake bado kiko mahali pake.

Inasimuliwa kwamba jibu alilipata sokoni. Wakati wa baridi kali, nguruwe waliochinjwa katika masoko ya St. Petersburg waliganda wakawa wagumu, na wauza nyama waliwakata kwa msumeno. Kwenye uso wa kila pande, viungo vilikuwa vimetulia vilipokuwa. Pirogov akaanza kuziacha maiti kwenye baridi hadi zikawa ngumu kama mbao, akazikata kwa msumeno vipande vyembamba: kwa kukingama, kwa urefu kutoka mbele kwenda nyuma, na kwa urefu kutoka upande hadi upande. Juu ya kila kipande aliweka kioo kilichochorwa miraba, na mchoro ukanakiliwa kwenye karatasi yenye miraba kama hiyo, bila kukisia. Kazi hiyo ilitoka kati ya 1852 na 1859, kwa Kilatini, ikiwa na mabamba zaidi ya 200. Katikati ya miaka hiyo alikwenda kutibu majeruhi wa vita vya Crimea.

Ukilinganisha mabamba hayo na siti skani ya leo, utaikuta mikato ileile mitatu ambayo kompyuta humwonyesha daktari.

Eksirei ilipokuja haikuhitaji mikato hiyo. Wilhelm Conrad Röntgen aliigundua Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895, na Januari 23, 1896 akaupiga picha mbele ya hadhira mkono wa Albert von Kölliker, mwanaanatomia mkongwe, ambaye papo hapo alipendekeza mionzi hiyo iitwe kwa jina la mgunduzi. Lakini eksirei ni kivuli. Mbavu za mbele na za nyuma, moyo na uti wa mgongo, vyote hulala juu ya karatasi moja, na msomaji ndiye anayevitenganisha kichwani mwake.

Hatua iliyofuata ilianzia Afrika, jambo ambalo husahaulika. Mwaka 1956 Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa akitumia sehemu ya wiki yake katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, akisimamia matumizi ya vitu vyenye mnururisho. Akajiuliza jinsi ya kukokotoa mionzi inavyofyonzwa ndani ya mwili ikipita kutoka pembe nyingi. Hesabu zake zilichapishwa mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyezijali. Huko Uingereza, bila kuzijua, Godfrey Hounsfield alikuwa akitengeneza mashine, akiijaribu kwa ubongo wa ng'ombe kutoka kwa wachinjaji. Oktoba 1, 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo akawa mgonjwa wa kwanza kupigwa siti skani. Picha ilikuwa na nukta 80 kwa 80 tu, na uvimbe ulionekana. Cormack na Hounsfield wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Mashine zilipoanza kupiga picha mwili mzima, madaktari waliobobea walijikuta wanafunzi tena. Maiti zikagandishwa upya, zikakatwa kwa msumeno, na vitabu vikatungwa vikiweka kipande halisi kando ya picha yake.

Mwaka 1993 njia hizo mbili zilikutana katika mwili mmoja. Mfungwa aliyeuawa kwa sindano ya sumu huko Texas alikuwa amekubali mwili wake utumike kwa sayansi. Ukapigwa siti skani na emarai, ukagandishwa, kisha ukasagwa milimita moja baada ya nyingine huku kila uso mpya ukipigwa picha: picha 1,871, zilizotolewa kwa umma mwaka 1994 na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Wanafunzi wa nchi nyingi wamejifunza mwili wa binadamu kutoka kwake. Wakifika chini ya tumbo, upande wa kulia, hawakioni kidole tumbo. Alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa kukiondoa alipokuwa hai.