Kichwa na Mikono: Gisi Watu Walivyojifunza Kuchora Ndani ya Vitabu

Katika mazungumzo yetu juu ya mila, neno moja linarudi kila mara. Wazee wanasema: kijana anayejifunza desini ndani ya kitabu cha Wazungu anapoteza mkono wa babu zake. Msanii wa kweli, wanasema, anatoa vyote moyoni mwake, hafuatishi karatasi ya mtu mwingine. Neno hilo linapendeza masikioni. Lakini tukiuliza limetoka wapi, tutashangaa, maana kwa sehemu kubwa halikutoka kwa babu zetu. Lilisemwa sana na Wazungu wenyewe, hapa hapa Katanga, tena katika mwaka unaojulikana. Tutafika huko. Kwanza tuangalie kazi yenyewe.

Mti ukichorwa vibaya, nani atajua? Tawi likienda kushoto au kuume, bado ni mti. Kichwa cha mtu sivyo. Sogeza jicho kidogo tu, na mama mzazi hatamtambua mtoto wake. Karibu kila mwenye kuanza anaweka macho juu sana, karibu na nywele, kwa sababu anafikiri uso ndio kichwa chote. Kweli ni kwamba macho yako katikati, nusu ya njia kati ya utosi na kidevu. Na mkono ni mgumu kupita kichwa. Una mifupa 27, unakunjika, unageuka, kidole kimoja kinaficha kingine. Watoto wa shule wanauchora kama uma ya kulia chakula, au wanauficha mfukoni mwa suruali. Hata mafundi wakubwa wanajua kuuficha nyuma ya mgongo! Weka kisigino cha kiganja chako kwenye kidevu: ncha ya kidole cha kati itafika karibu na mwanzo wa nywele. Mkono ni mkubwa kama uso, lakini watu mingi wanauchora kama wa mtoto.

Mafundi wa kale wa nchi yetu walijua uzito wa sehemu hizo mbili. Kule kaskazini ya Katanga, upande wa Waluba na Wahemba, kuna kijiji kinaitwa Buli. Jina lake liko leo katika vitabu vya sanaa vya dunia yote, kwa ajili ya viti vya machifu vilivyochongwa kwa mti, ambamo mwanamke anabeba kiti kwa vidole vyake. Uso wake ni mrefu, mashavu yameingia ndani, na mikono ni mikubwa kupita kiasi, imefunguliwa kama sahani. Mbelgiji Frans Olbrechts, aliyekuwa mtaalamu wa sanaa ya Kongo, alilinganisha vitu vya namna hiyo vilivyotawanyika katika makumbusho, akasema vimetoka kwa fundi mmoja. Leo vinahesabiwa karibu 20, na wataalamu wengine wanaona humo mikono ya watu wawili au karakana nzima: fundi na wale waliojifunza kwake. Hilo la pili njo linanigusa. Kama watu wawili walichonga uso ule ule na mikono ile ile mpaka wataalamu wanashindwa kuwatenganisha, maana yake mmoja alimfuatisha mwingine miaka na miaka. Hapakuwa na kitabu. Fundi mwenyewe alikuwa kitabu. Na hakuna mtu anayesema kwamba kiti cha Buli hakina roho.

Ulaya nako ilikuwa vile. Mtoto aliingia karakana ya fundi, akafuatisha karatasi zake. Kisha mashine ya kuchapa ikafanya karatasi ya fundi isafiri bila fundi. Albrecht Dürer wa Nürnberg aliandika vitabu vinne juu ya vipimo vya mwili wa binadamu, vikatoka mwaka wa 1528, miezi michache baada ya kifo chake. Ni yeye aliyekuwa Antwerpen mwaka wa 1521 akachora kichwa cha msichana Mwafrika, Katharina, mtumishi katika nyumba ya Mreno, akaandika juu ya karatasi kwamba ana miaka 20. Mwaka wa 1608, kule Venezia, Odoardo Fialetti alitoa kitabu cha wanafunzi ambamo jicho linachorwa hatua kwa hatua: mstari mmoja, mistari miwili, mpaka jicho zima. Halafu sikio, pua, mkono. Namna hiyo ya kumega mtu vipande vipande na kumjenga tena haikubadilika sana tangu wakati ule.

Kitabu kilichoshinda vyote kwa nguvu kilitoka Paris kati ya 1866 na 1871. Ni Cours de dessin ya Charles Bargue, aliyeitengeneza pamoja na mchoraji Jean-Léon Gérôme, ikachapishwa na nyumba ya biashara ya Goupil. Zilikuwa karatasi 197 kubwa. Fungu la kwanza, karatasi 70, lilikuwa sanamu za plasta: macho, miguu, mikono, kisha vichwa na miili mizima. La pili, karatasi 67, lilifuata kazi za mafundi wa zamani. La tatu, karatasi 60, lilikuwa mazoezi ya makala juu ya watu uchi. Mara mingi karatasi moja ina sanamu mbili. Ya kushoto ni mistari iliyonyooka tu, kama vile mtu amekata mkono kwa panga. Ya kuume ni mkono uliokamilika, na vivuli vyake. Mwanafunzi anaanza na ile ya kushoto. Anapima kwa jicho na kwa uzi wenye kizito, kama ule wa waashi: kidole hiki kinaanguka juu ya fasi gani ya kiganja? Akiisha kupata mistari, njo anaingiza giza, na mwisho kabisa ule ukungu kati ya giza na mwanga. Kazi ya uvumilivu. Kusema kweli inachosha.

Sasa tuone nani alichoka nayo. Desemba 1878 kijana Mholanzi wa miaka 25 alifika Borinage, nchi ya makaa ya mawe kule Ubelgiji. Alikuwa amefanya kazi katika nyumba ile ile ya Goupil, wakamfukuza mwaka wa 1876. Sasa alitaka kuhubiri Injili kwa wachimbaji. Alishuka nao chini ya ardhi, akagawa nguo zake, akalala vibaya kama wao, mpaka wakubwa wa kanisa wakakataa kumwongezea muda. Sisi watu wa Katanga, tuliokulia karibu na mashimo na moshi wa viwanda, hatuhitaji maelezo marefu juu ya nyuso alizoziona pale: zilizotoka chini jioni, nyeusi kwa vumbi, macho peke yake yakiangaza. Kijana huyo ni Vincent van Gogh.

Mwaka wa 1880, akiwa Cuesmes katika chumba kidogo alichogawana na watoto wa mwenye nyumba, aliamua kuwa mchoraji. Hakuwa na mwalimu wala feza. Aliandika barua kwa mkubwa mmoja wa Goupil kule Den Haag, bwana Tersteeg, akaomba amwazime Bargue. Karatasi zikafika. Akafuatisha zile 60 za makala zote, akaingia ndani ya zile nyingine, na mwaka uliofuata, akiwa kwa wazazi wake Etten, akazirudia tena. Watu wanapenda kumsifu Van Gogh kama mtu wa moto ambaye rangi zilimtoka zenyewe. Ule moto ulianza kwa kufuatisha kitabu cha shule, usiku na mchana, kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza anavyofuatisha ramani.

Na kitabu hakikumfanya kuwa Bargue. Katika baridi ya 1884 na 1885, kule Nuenen, alipaka vichwa vya wakulima kama 40, na mikono mingi peke yake, kabla ya kuthubutu kuwaketisha pamoja mezani katika ile tablo ya walaji wa viazi. Alimweleza ndugu yake Theo kwamba alitaka ionekane wazi: mikono inayoingia ndani ya sahani ni ile ile iliyolima viazi. Rafiki yake, mchoraji Van Rappard, alipoona sanamu hiyo imechapwa alimkemea vikali, hata juu ya mkono wa mwanamke mmoja nyuma ya meza. Kwa vipimo vya kitabu, Van Rappard hakukosea sana. Lakini ni mikono ya watu wanaolima, haiwezi kusahaulika. Na hapa kuna jambo ambalo watu mingi hawalijui: mwaka wa 1890, akiwa amekwisha kupaka karibu kazi zote zilizompa jina, alimwomba Theo amtumie tena zile karatasi 60 za Bargue, ili azifanye upya. Alikufa tarehe 29 Julai mwaka huo huo.

Turudi sasa kwetu, maana niliahidi. Mwaka wa 1946, mjini Élisabethville, leo Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani ofisa wa jeshi la majini, alifungua karakana iliyojulikana kama Le Hangar. Humo walipita Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, Bela aliyepaka kwa vidole vyake, na wengine. Mzee yule aliwapa karatasi, rangi na burashi, lakini sheria yake ilikuwa moja: hakuna kufuatisha kazi za Ulaya. Aliogopa kwamba vitabu na plasta zitaua kile alichokiona ndani ya damu yao. Watoke nje, waangalie majani, nyoka, samaki, wachore wanavyoona.

Matunda yalikuwa mazuri, hilo nalikubali bila shaka. Ndege na samaki wa Pilipili wanajulikana mbali, na Mwenze alijaza watu wake mistari mifupi mifupi kama kitambaa kilichofumwa. Lakini angalia vizuri: katika kazi mingi za Hangar, uso wa mtu ni mdogo, au haupo, au ni alama tu. Huenda ni hiari yao. Huenda pia ni kwamba mlango huo ulifungwa kabla hawajaulizwa kama wanataka kuingia. Kule Cuesmes kijana wa Kizungu aliomba kitabu, akapewa. Hapa, kijana wa Kikongo aliambiwa kwamba kitabu kitamharibu. Aliyesema alisema kwa mapendo, nakubali. Lakini ni mapendo ya mtu anayechagua kwa niaba ya mwingine. Mwaka wa 1951 Mbelgiji Laurent Moonens alianzisha Académie katika mji huo huo, na Romain-Desfossés alipokufa mwaka wa 1954, wanafunzi wa Hangar waliingizwa mle. Neno lake lakini lilibaki vinywani, njo hilo tunalolisikia leo kwa wazee wetu kama vile ni la mababu.

Wakati huo huo, mafundi wa barabarani hawakungoja ruhusa ya mtu. Wenye kuchora mbao za saluni, za fundi cherehani, za baa, walijifunza kwa foto za magazeti na kwa miraba: unagawanya foto kwa visanduku, unagawanya ukuta kwa visanduku vikubwa, unahamisha kimoja kimoja. Wamoja wanadharau namna hiyo. Wajue kwamba ni ya Kiafrika kabisa: mafundi wa Misri ya kale walisimamisha mtu ndani ya visanduku 18, kutoka kisigino mpaka mwanzo wa nywele. Chéri Samba alianza kwa mbao za matangazo Kinshasa. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka wa 1947, hakupita Académie, lakini Lumumba wake anatambulikana na kila mtu.

Vijana wa leo wana fotokopi au simu, na ndani yake mara mingi ni Bridgman, kitabu cha mikono 100 kilichotoka Marekani mwaka wa 1920, au Andrew Loomis, juu ya vichwa na mikono, cha mwaka wa 1956. Loomis anaanza na mpira. Anakata pande zake mbili kidogo, kama vile unakata chungwa, anazungusha mstari wa nyusi, kisha anatundika taya. Ni njia nzuri, inashika kichwa hata kikigeuka. Lakini nyuso zake ni za matangazo ya Marekani ya siku zile: pua nyembamba, nywele zilizolala, na ngozi ni weupe wa karatasi yenyewe. Mtoto wa Kenya au wa Katuba akifuatisha tu, mama yake anatoka na pua ya mwanamke wa Chicago. Mpira si wenye kosa. Kosa ni kukosa kioo pembeni ya kitabu.

Kwa ngozi yetu, hesabu ya mwanga inageuka. Kitabu kinaacha karatasi wazi na kuongeza giza. Sisi tunahitaji pia kuongeza mwanga. Karatasi ya mfuko wa simenti, ile ya kahawia, inafaa sana: rangi yake yenyewe inakuwa ngozi, makala yanaingia chini ya taya na pembeni ya pua, na chaki nyeupe kidogo tu inagusa paji la uso, mfupa wa shavu, mdomo wa chini. Kwa mkono, geuza kiganja. Kiganja chetu ni cheupe kuliko mgongo wa mkono, na mistari yake ni ya giza. Mpaka kati ya rangi hizo mbili unapita pembeni ya vidole, pale ambapo Bridgman anaweka kivuli. Mwanafunzi wa mkono wa kuume ana mfano wake tayari katika mkono wa kushoto, juu ya meza, na haulipwi.