Siagi ya Denmark, mashudu ya wengine

Mama yangu anafuga ng'ombe watatu wa maziwa kule Dodoma, na kila nikimpigia simu mazungumzo yetu huishia kwenye mashudu. Yamepanda bei tena, anasema, wenye malori wameyabeba kwenda kuyauza Kenya. Mimi humjibu "pole mama" na kubadilisha mada, kama mtoto yeyote wa mjini.

Sasa juzi nimesimama supamaketi hapa Dar mbele ya pakiti ya siagi kutoka Denmark, bei yake usiniulize, nikajiuliza swali la kiripota: wale ng'ombe wanakula nini wakati wa baridi, wakati nje hakuna jani linaloota? Nikaenda kusoma. Jibu, ndugu msomaji, ni mashudu, na kwa zaidi ya miaka 100 mengi ya mashudu hayo yamekuwa yakitoka nje.

Turudi nyuma kidogo. Hadi katikati ya karne ya 19 Denmark ilikuwa nchi ya kuuza nafaka. Kisha, miaka ya 1870, reli na meli za mvuke zikaanza kumwaga ngano ya bei rahisi Ulaya kutoka Marekani na Urusi. Ujerumani na Ufaransa wakaweka ushuru kuwalinda wakulima wao. Wadenmark wakaacha milango wazi. Kama nafaka ni rahisi, walisema, basi tuinunue tuwape mifugo, halafu tuwauzie Waingereza siagi na nyama ya nguruwe.

Hapo ndipo mashudu yanapoingia. Ukikamua mafuta kwenye mbegu ya pamba, alizeti au kitani, kinachobaki kimejaa protini, na ng'ombe wa maziwa bila protini ni pambo tu la bandani. Zamani ng'ombe wa Denmark walimaliza majira ya baridi wamekonda, maziwa yamekatika. Wafugaji wakabadilisha kalenda: ng'ombe azae majira ya vuli, akamuliwe baridi nzima akiwa bandani, akilishwa mizizi, pumba na mashudu. Siagi ikafika Uingereza wakati wenzao hawana, na bei ikawa nzuri.

Mengine yalikwenda haraka. Mwaka 1878 Msweden Gustaf de Laval alitoa mashine ya kutenganisha malai na maziwa kwa kuyazungusha. Mwaka 1882 wafugaji wa kijiji cha Hjedding, magharibi mwa nchi, walifungua kiwanda cha kwanza cha siagi cha ushirika, na kufikia 1900 viwanda vya namna hiyo vilikuwa kama 1,000. Mwaka 1895 huko Vejen wakaanzisha chama cha kupima maziwa ya kila ng'ombe, ili mtu ajue yupi analipa chakula anachokula. Mwishoni mwa karne hiyo wakaunda pia ushirika wa kununua chakula cha mifugo kwa pamoja, maana mfugaji mwenye ng'ombe wanne hawezi kubishana bei na tajiri wa bandarini. (Hapa nilimkumbuka mama.)

Lakini angalia mashudu yenyewe yalikotoka: ya pamba Marekani, ya alizeti Urusi. Baadaye ikaja soya ya Manchuria, na mwaka 1909 kikaanzishwa kiwanda cha mashudu ya soya jijini Copenhagen. Kila meli ilibeba pia rutuba, kwa sababu sehemu kubwa ya kile anachokula ng'ombe hutoka nyuma kama mbolea. Mashamba ya Denmark yakanona kwa udongo wa watu wengine. Vitabu vingi vinavyosifu ushirika wao vinapita hapo haraka, na nadhani vinakosea.

Deni likadaiwa mwaka 1917. Ujerumani ilianza kuzamisha meli bila kubagua, Marekani ikaingia vitani na kubana bidhaa zake, na mashudu na mahindi vikakoma kufika. Mwaka 1914 nchi ilikuwa na nguruwe kama milioni 2.5. Mwaka 1918 walibaki kama laki 6. Waliopungua wengi hawakufa kwa ugonjwa. Walichinjwa kwa sababu hapakuwa na cha kuwapa. Daktari Mikkel Hindhede, mshauri wa serikali wa chakula, alishikilia kwamba shayiri na viazi vilivyopo wapewe watu kabla ya nguruwe. Ilifanyika hivyo, na wakati majirani zao Wajerumani wanateseka kwa njaa, Wadenmark walipita. Hindhede baadaye aliandika kwamba vifo vilipungua Copenhagen katika kipindi hicho.

Ungedhani wangejifunza. Vita vikaisha, meli zikarudi, nguruwe wakarudi. Mwaka 1940 Wajerumani wakaivamia nchi, njia ya bahari ikafungwa, visu vikatolewa tena.

Baada ya hapo soya ikawafunika wengine wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Jumuiya ya Ulaya ilikubali soya na mashudu yake yaingie bila ushuru, huku nafaka zake yenyewe zikilindwa kwa bei kubwa. Denmark ilijiunga Januari 1973. Juni mwaka huohuo Rais Nixon akasimamisha uuzaji wa soya nje, eti bei zimepanda nyumbani. Katazo halikudumu, ila wanunuzi walishtuka wakaigeukia Brazil. Kisha ukaja ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe: tangu Januari 2001 Ulaya ilipiga marufuku unga wa nyama na mifupa kwa mifugo ya chakula, na pengo likazibwa na nani? Soya.

Leo nchi hiyo ya watu kama milioni 6 inazalisha nguruwe takriban milioni 30 kwa mwaka, na mashudu yao yanatoka zaidi Argentina na Brazil. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzuia soya iliyolimwa kwenye msitu uliokatwa baada ya 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, na sehemu kubwa ya nyika ya Cerrado, ambako Brazil inalima soya kwa wingi, sheria hiyo haiihesabu kuwa msitu. Pale kilipokuwa kiwanda cha Copenhagen, kilichowahi kulipuka mwaka 1980, sasa pamejengwa nyumba za kuishi.

Jumapili nilimsimulia mama yote haya kwenye simu, nguruwe, Nixon na wengine. Alinisikiliza kwa subira hadi mwisho.

"Sawa mwanangu," akasema. "Na hao wa Denmark, gunia wananunua shilingi ngapi?"