Wimbo Ndani ya Hadithi: Muziki wa Nyumbani Ukambani

Mahindi ya muthokoi hayatwangwi kimyakimya. Katika vijiji vya Kitui na Makueni, mahindi makavu hunyunyizwa maji kidogo, yakatiwa kinuni, na wanawake wawili wakasimama wakielekeana: huyu anainua mchi, yule anashusha. Wimbo ndio unaowapangia zamu. Mmoja akikosea, michi inagongana. Watoto wanaocheza kando ya ungo huitikia, na kabla hawajapata nguvu za kushika mchi, mapigo tayari wanayo mwilini. Maganda yakishapepetwa, mahindi huenda jikoni pamoja na maharagwe au mbaazi, na chungu hicho hakiivi upesi. Katika kungoja huko ndimo hadithi zilimopata nafasi.

Vitendawili hutangulia. Mkubwa anaita, “Kwata ndai!” Watoto wanajibu, “Nakwata.” Kisha nyanya, ambaye wajukuu humwita susu, anaanza hadithi ya fisi na sungura, au ya msichana aliyenaswa na zimwi. Sehemu nyingi za hadithi hizo zina wimbo. Msichana akifika mtoni anaimba. Akifika msituni anaimba ule ule. Zimwi likikaribia, anaimba tena. Kila mara nyumba nzima humwitikia. Mtoto wa miaka minne, ambaye hawezi kusimulia hadithi yenyewe, anakijua kiitikio barabara, na asipoitikia hadithi haisogei. Sijui mpango mwingine wa muziki unaompa mtoto mdogo kazi nzito namna hiyo.

Wamisionari wa Africa Inland Mission, wakiongozwa na Peter Cameron Scott, walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo, Desemba 1895. Watoto wa waumini wakaanza kujifunza tenzi za kanisani, na ngoma za vijana zikatazamwa kwa jicho baya. Wimbo wa kubembeleza mtoto na wimbo wa hadithi hazikuhitaji uwanja wala ngoma kubwa. Naamini hiyo ni sababu mojawapo ya kupona kwa nyimbo hizo: nani angeingia jikoni usiku kumkataza bibi kumwimbia mjukuu?

Aliyezitia hadithi na nyimbo hizo kwenye karatasi mapema alikuwa Gerhard Lindblom, msomi wa Uswidi aliyeishi Ukambani mwaka 1911 na 1912. Kitabu chake kikubwa kuhusu Wakamba kilitoka 1916, na kati ya 1928 na 1935 akachapisha juzuu tatu za fasihi yao simulizi, mojawapo ikiwa ya vitendawili, methali na nyimbo. Tuna deni kwake. Hata hivyo, alisikiliza kama mgeni anayeandika, na mgeni anayeandika huwa hana nafasi ya kuitikia.

Mwanatheolojia John Mbiti aliitikia. Alizaliwa Mulago, Kitui, mwaka 1931, akakulia ndani ya hadithi hizo. Ulimwengu unamjua kwa African Religions and Philosophy ya 1969, na wasomaji wa Kikamba wanamjua pia kwa Agano Jipya alilolitafsiri kutoka Kigiriki, likatoka 2014, miaka mitano kabla ya kifo chake. Lakini kabla ya hayo yote, mwaka 1954, alikuwa amechapisha kitabu cha hadithi kwa Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake. Akaendelea kukusanya hadithi kwa mamia, na mwaka 1966 akatoa Akamba Stories. Mwanatheolojia huyo hakuona kuwa hadithi za watoto ni kazi ndogo.

Sauti zenyewe zilishughulikiwa zaidi na Paul Kavyu, mtafiti wa muziki aliyechapisha An Introduction to Kamba Music mwaka 1977 na, miaka tisa baadaye, kitabu kuhusu muziki wa ngoma za Wakamba. Humo mna ulimwengu mpana kuliko wa jikoni: kilumi, ngoma ya wanawake watu wazima ya kuomba mvua na uponyaji, na mbeni ya vijana, yenye filimbi na miruko ya sarakasi.

Mbeni hiyo leo watoto wengi huijua kupitia shule. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, huzipa nyimbo za kiasili jukwaa, na walimu wa Ukambani wamefanya kazi ya kusifiwa kuwafundisha wanafunzi. Ila jukwaani mtoto humtazama jaji, muda unahesabiwa, na mama aliyekuja kutazama kazi yake ni kupiga makofi. Mtaala wa umilisi, ulioenea nchini tangu 2019, umeziweka lugha za mama katika madarasa ya chini. Hapo mwalimu anaweza kumwalika susu darasani, akasimulia, darasa likaitikia.

Kwa wajukuu wanaokulia Nairobi na Mombasa, nina ombi kwa wazazi wao. Mkienda Kitui au Makueni Desemba, simu mnazo. Msimrekodi bibi peke yake kwenye kiti, amenyamaziwa kama shahidi mahakamani. Washeni simu, muiweke chini, kisha kaeni na watoto muitikie, hata kama Kikamba chenu kimechujuka. Kiitikio nacho kirekodiwe.