Mti na Joho: Krismasi katika Vichekesho vya Sinema Bubu

Utangulizi

Filamu fupi za vichekesho zilizotengenezwa kuhusu Krismasi kabla ya sinema kupata sauti mara nyingi huwekwa pembeni katika mijadala ya taaluma. Huhesabiwa kuwa bidhaa za msimu: watazamaji walicheka, sikukuu ikapita, mkanda ukarudishwa stoo. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Hoja ninayoitetea ni kwamba ububu wenyewe uliwalazimisha watengenezaji kuieleza Krismasi kwa vitu vinavyoonekana, hasa mti, joho la Baba Krismasi na zawadi. Wachekeshaji walipovitia mkononi vitu hivyo, walivipima hadharani ili kuona kama bado vimebeba amani na ukarimu vinavyodai kuwakilisha. Kielelezo kikuu cha hoja hii ni Big Business, filamu ya Stan Laurel na Oliver Hardy iliyotolewa Aprili 1929, ambayo kwa maoni yangu ndiyo tafakuri nzito kuliko zote ambazo vichekesho bubu vilitoa kuhusu sikukuu hii.

Sikukuu bila sauti yake

Krismasi hutangulia kusikika kabla ya kuonekana. Kengele, kwaya na salamu ndivyo vinavyotangaza kuwa siku imefika. Ni kweli kwamba kumbi za sinema bubu zilikuwa na wapiga kinanda, na nyingine zilikuwa na okestra, lakini muziki huo ulitegemea ukumbi na mpigaji. Ndani ya mkanda zilikuwamo picha na kadi chache za maandishi, basi. Mtengenezaji aliyetaka mtazamaji wa mji wowote atambue mara moja kwamba ni Krismasi hakuwa na njia nyingine ila kumwonesha vitu.

Njia hii ilianza mapema. Mwaka 1898 Mwingereza G. A. Smith alitengeneza Santa Claus, filamu ya zaidi kidogo ya dakika moja. Watoto wanalazwa, taa inazimwa, kisha ndani ya duara kwenye giza anaonekana Baba Krismasi juu ya paa, akijiandaa kushuka kwenye dohani. Smith alipata taswira hizo mbili kwa kupiga picha mara mbili juu ya mkanda uleule. Mwaka 1901 kampuni ya R. W. Paul ikatoa Scrooge, or, Marley's Ghost, iliyotegemea hadithi ya Charles Dickens na kutumia mbinu za aina hiyo kuleta mizimu. Filamu hizi zilimtaka mtazamaji astaajabu. Robo karne baadaye, wachekeshaji wa Hollywood walivichukua vitu vilevile, paa, dohani, joho na mti, wakamtaka mtazamaji ahoji.

Joho lisilo na mwenyewe

Kitu cha kwanza kuhojiwa kilikuwa joho. Mwaka 1926 studio ya Hal Roach, iliyokuwa Culver City huko California, ilitoa filamu mbili zinazofaa kusomwa pamoja. Katika Good Cheer, ya mfululizo wa watoto wa Our Gang, wauza pombe ya magendo wanajificha ndani ya mavazi ya Baba Krismasi. Marekani wakati huo ilikuwa chini ya sheria ya kupiga marufuku pombe iliyoanza kutekelezwa mwaka 1920, na mtazamaji alielewa bila kuelezwa: vazi linaloaminiwa na kila mtu ndilo linalomfaa zaidi mhalifu. Katika There Ain't No Santa Claus, iliyoongozwa na James Parrott, nduguye Charley Chase, Chase anaigiza mume aliyebanwa kati ya kodi ya nyumba na zawadi ya mkewe, na ukarimu wa sikukuu unagongana na deni.

Filamu zote mbili zinasema jambo moja: joho ni jekundu vilevile akilivaa mkarimu au mwizi. Hata hivyo hazilifikishi mbali swali lao. Mhalifu akishavuliwa joho, imani ya watoto inaachwa ilivyokuwa. Swali gumu zaidi, la kama watu wa kawaida wasio wahalifu wanaiweza amani wanayotakiana, lilisubiri filamu nyingine.

Mti mlangoni

Big Business iliongozwa na James W. Horne chini ya usimamizi wa Leo McCarey, na mpiga picha wake alikuwa George Stevens, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kama mwongozaji. Haina theluji, haina kanisa, haina hata sebule iliyopambwa. Laurel na Hardy ni wachuuzi wanaopita nyumba kwa nyumba chini ya jua la California, wamevaa makoti, gari lao likiwa limesheheni miti ya Krismasi ya kuuza. Kadi ya ufunguzi inarejelea fundisho la Yesu la kugeuza shavu la pili, kisha inatangaza kwamba aliyeligeuza aliambulia ngumi ya pua. Dhamira imewekwa mezani kabla ya picha ya kwanza.

Wanapofika mlangoni kwa mwenye nyumba anayeigizwa na James Finlayson, hakuna mwenye nia mbaya. Anakataa kununua, anafunga mlango, na tawi la mti linabanwa. Wanabonyeza kengele ili walitoe. Mlango unafunguliwa, unafungwa, mti unabanwa tena. Baada ya kurudiarudia huko, Laurel anapata wazo la kibiashara: kumuuliza mteja kama angependa kuagiza mti wa mwaka ujao. Finlayson anakwenda kuchukua mkasi mkubwa na kuukatakata mti. Kuanzia hapo hakuna wa kurudi nyuma. Kengele ya mlango inang'olewa. Saa ya mfukoni ya Hardy inavunjwa. Waya wa simu unakatwa. Mwishowe wachuuzi wanaibomoa nyumba huku mwenye nyumba akilibomoa gari lao.

Jinsi ubomoaji unavyopangwa ndiyo msingi wa usomaji wangu. Katika vichekesho vya Mack Sennett vya muongo uliotangulia, watu hukimbizana na kupigana wote kwa pamoja. McCarey, aliyewasimamia Laurel na Hardy katika miaka yao ya mwanzo kama jozi, alipunguza kasi. Hapa kila mmoja ana zamu yake. Finlayson anapong'oa taa ya gari, wachuuzi wanasimama wakimtazama na hawamzuii. Akimaliza, wanatikisa kichwa, wanageuka, wanakwenda kuvunja dirisha, naye anasimama na kutazama. Ustaarabu wote wa ujirani umehifadhiwa, yaani kusubiri, kusikiliza na kumpa mwenzako nafasi, lakini sasa unautumikia uharibifu. Hasira hasara, wasema Waswahili. Filamu hii inaihesabu hasara hiyo kitu kimoja baada ya kingine, na kwa kuwa hatusikii kelele zozote, macho yetu hayana pa kukimbilia.

Jamii nayo inapimwa. Majirani wanakusanyika na kuhamahama kutoka upande wa nyumba kwenda upande wa gari ili wasipitwe na lolote. Polisi, anayeigizwa na Tiny Sandford, anafika mapema. Anachofanya kwa muda mrefu ni kutazama na kuandika kwenye daftari lake, huku nyumba ikiporomoka. Sheria ipo, ina kumbukumbu kamili, na haijaokoa hata kioo kimoja.

Polisi anapoingilia kati hatimaye na kuuliza nani alianza, swali linazama katika machozi. Laurel analia, Hardy analia, Finlayson analia, polisi naye analia, na umati unafuata. Wanashikana mikono, na Laurel anampa Finlayson sigara kubwa pamoja na salamu ya Krismasi. Polisi anapoondoka anawaona wachuuzi wakicheka, anawakimbiza. Finlayson anaiwasha sigara, nayo inamlipukia usoni. Upatanisho huo ulikuwa batili tangu mwanzo, kwa sababu hakuna aliyekiri kosa wala aliyezungumzia fidia. Salamu ya sikukuu ilitumika kufunika hesabu ambayo haikufanywa.

Pingamizi mbili

Msomaji anaweza kusema kwamba Krismasi hapa ni kisingizio tu; wangeuza brashi, ugomvi ungekuwa uleule. Sikubaliani. Brashi huuzika Januari. Mti wa Krismasi hauna thamani baada ya siku yake, na ndiyo maana pendekezo la kuagiza wa mwaka ujao linamkera Finlayson kuliko yote. Zaidi ya hayo, bila sikukuu, kadi ya ufunguzi ingekosa uzito na sigara ya mwisho ingekuwa mzaha wa kawaida. Usaliti wake unatokana na salamu iliyoambatana nayo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba filamu inaidhihaki imani. Naamini inafanya kinyume chake. Anayeonesha jinsi watu wanavyoshindwa kulishika fundisho hajalikana fundisho. Ametupa kipimo cha kushindwa kwao. McCarey mwenyewe, aliyekuwa Mkatoliki, aliongoza baadaye The Bells of St. Mary's (1945), ambamo watoto wadogo wanaigiza kuzaliwa kwa Yesu kwa upendo usio na kejeli. Kazi ya baadaye haithibitishi nia ya kazi ya mwanzo, lakini inadhoofisha dai kwamba mtu huyu aliidharau sikukuu.

Hitimisho

Vichekesho bubu vya Krismasi vinastahili nafasi katika taaluma kwa sababu vilifanya kile ambacho filamu nyingi za sikukuu zenye sauti huepuka. Badala ya kututuliza kwa nyimbo, vilivikamata vitu vya sikukuu na kuuliza vina nini ndani. Maktaba ya Bunge la Marekani iliitambua Big Business mwaka 1992 ilipoiingiza katika Orodha ya Taifa ya Filamu, na tangu Januari 1, 2025, ulinzi wake wa hakimiliki nchini humo umekwisha. Inachukua takriban dakika 20, na kadi zake ni chache kiasi kwamba mwalimu anaweza kuzifasiri papo hapo. Walimu wa filamu na sanaa za maonyesho katika vyuo vyetu waioneshe na kuijadili kwa Kiswahili. Wanafunzi wanaosherehekea Krismasi chini ya jua kali hawahitaji kufafanuliwa hali ya hewa yake, na swali lake kuhusu suluhu isiyo na ukiri wala fidia linawahusu moja kwa moja.