Muungwana ni nani?

Mnunuzi wa kahawa hapa Ruanda, wilayani Mbozi, asiyechezea mizani husifiwa: “Huyu muungwana.” Sifa hiyo ni ya tabia. Pwani ya zamani neno lilihusu nasaba: muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, hata kama ni mkorofi. Misafara ya karne ya 19 ililifikisha Kongo, ambako Kiswahili kiliitwa Kingwana. Wapagazi nao, wengine watumwa hasa, walijiita waungwana. Wajanja wale! Mwaka 1922 utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika, neno likabaki bila kinyume chake. Leo pale Tunduma, foleni ya malori ikirefuka, dereva anayechomekea hukumbushwa uungwana, wala hakuna anayemuuliza babu yake alikuwa nani.