Bendeji ya kubana

bendeji nm [i-/zi-] Huandikwa pia *bandeji*. Kitambaa kirefu cha kufungia jeraha au kiungo. *Bendeji imelowa, ifunguliwe.* Wingi haubadiliki: *bendeji mbili*, si *mabendeji mawili*.

bendeji ya kubana Bendeji inayozungushwa mguuni kwa mkazo uliopimwa, ili kuzuia majimaji yasituame na kuisaidia damu kurudi moyoni. Vazi lenye kazi hiyohiyo huitwa *soksi ya kubana*. Nguvu yake hutajwa kwa milimita za zebaki, kama shinikizo la damu.

Muktadha

Katika Mkoa wa Dar es Salaam, hasa Temeke na Kinondoni, istilahi hii huambatana na msamiati wa *matende*. Ugonjwa huo husababishwa na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu; mijini aghalabu ni mbu aina ya Culex, azalianaye katika vyoo vya shimo na maji machafu. Minyoo huharibu mishipa ya limfu, na mguu huvimba. Mpango wa taifa wa kuutokomeza ulianza mwaka 2000 kisiwani Mafia, kwa kugawa ivermectin na albendazole. Ugawaji huo huitwa *kingatiba*, na jina lenyewe linatangulisha kinga: dawa hukata maambukizi, lakini haiurudishi mguu uliokwishavimba. Mwenye mguu huo huhitaji kuuosha kwa maji na sabuni, kuukausha katikati ya vidole, kuuinua, kuufanyisha mazoezi na, mhudumu akishauri, kuufunga bendeji.

Neno *tende* lenye maana hii ni la ngeli ya [li-/ya-]: *tende hili, matende haya*. Tunda la mtende ni la [i-/zi-]: *tende hii, tende hizi*.

Tahadhari kwa wafasiri

1. *Mshipa.* Neno hili hubeba ateri, vena na neva kwa pamoja. Tena kauli *ana mshipa* huweza kueleweka kuwa ana ngiri au busha. Katika maelekezo ya bendeji, utata huu ni hatari. Vena hurudisha damu moyoni. Vilango vyake vikilegea, damu hutuama na mguu huvimba, na hapo kubana husaidia. Ateri huleta damu mguuni. Ikiwa imeziba, kubana huizidishia nyama njaa ya damu, hata kidonda kikatokea au nyama ikafa. Sentensi *Usifunge bendeji ikiwa mgonjwa ana tatizo la mishipa* humzuia hata anayestahili kufungwa. Iandikwe: *Usifunge bendeji ya kubana ikiwa ateri za mguu zimeziba au zimekuwa nyembamba.*

2. *Mguu.* Kwa Kiswahili mguu huanzia nyongani hadi vidoleni. *Funga mguu* haitoshi. Itajwe sehemu: *Anzia penye shina la vidole, funika kisigino, zunguka kifundo cha mguu, panda kwenye muundi na kigimbi, ishia chini ya goti.* Mkazo huwa mkubwa kifundoni na hupungua kadiri bendeji inavyopanda. Kufunga kigimbi peke yake huacha unyayo ukivimba.

3. *Kubana, kukaza, kushika.* *Bendeji ya kubana* hutaja kazi. *Bendeji imebana* na *inanibana* ni malalamiko. Iliyofungwa sawasawa husemwa *imeshika*. Mgonjwa asemaye *inanibana* asijibiwe kwamba ndiyo kazi yake, vidole vitazamwe. Vikiwa baridi, vimebadilika rangi au vimekufa ganzi, bendeji ifunguliwe mara moja.

4. *Kuvimba na kujaa.* *Miguu imejaa* hutumika sana kwa wajawazito na kwa wagonjwa wa moyo au figo. Kauli hiyo haitaji chanzo. Mfasiri asiigeuze kuwa *matende*. Anayevimba kwa sababu ya moyo asifungwe kabla ya ushauri wa daktari.

Mifano

*Alifungwa bendeji asubuhi kabla hajashuka kitandani, mguu ukiwa haujajaa.*
*Homa ilipompanda na mguu ukawa mwekundu, muuguzi aliifungua bendeji, akampeleka kwa daktari.*

Maneno ya karibu

*mkaja* nm [u-/i-] kitambaa anachofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua. Ni neno kongwe la pwani kwa vazi la kubana, lakini halitumiki kwa mguu.
*kibwebwe* nm [ki-/vi-] kitambaa kinachofungwa kiunoni. *Kujifunga kibwebwe* ni kujitolea kwa bidii.
*banzi* nm [li-/ya-] kipande cha ubao cha kushikilia mfupa uliovunjika, hakibani, hutuliza.
*plasta* nm [i-/zi-] utepe wenye gundi wa kufunikia kidonda. Si kisawe cha bendeji.
*mtoki* nm [u-/i-] uvimbe wa tezi za kinena, ambao huweza kuandamana na homa ya matende.